Kupeleka Msiba Ugiriki

Mama yetu alikuwa na miezi saba kaburini, na mdogo wangu alikuwa bado anaongea naye kwa simu kila Jumapili.

Yeye aliishi Athens. Kwetu Bankstown, Australia, simu ilikuwa ikilia jioni. Nilikuwa nikiipeleka chumbani kwa mama, naiweka juu ya mto, natoka na kufunga mlango. Mdogo wangu hakushangaa kutojibiwa. Kiharusi kilikuwa kimemnyamazisha mama kabla ya korona, na tangu hapo mazungumzo yao yalikuwa hivyo: mmoja anasema, mwingine anasikiliza. "Mwekee sikioni, dada," aliniambia kila mara. Nikirudi nilikuta amekata.

Mama alifia hospitalini, majira ya baridi ya mwaka wa pili wa korona, wakati mitaa yetu ya kusini-magharibi mwa Sydney ilipofungwa kuliko mingine na wanajeshi walipopita kugonga milango kuona nani yuko ndani. Makaburini tuliruhusiwa wachache. Wengine walitazama kwenye simu, kila mtu jikoni kwake. Jioni ile baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alituita sote kwenye simu, isipokuwa mdogo wangu. Sisi Warundi, angalau wa ukoo wetu, hatupeleki msiba kwa simu. Mtu hukalishwa, hulishwa kwanza, kisha mkubwa ndiye anayesema, na pembeni wapo wa kumshika.

"Kijana yuko peke yake kule," baba mdogo alisema. "Akianguka atamshika nani? Ngojeni mipaka ifunguliwe, mtu aende."

Tulidhani ni wiki chache. Tuliwaomba watu wasiweke picha mtandaoni, nao wakatusitiri.

Nilienda mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Baba mdogo alikuwa amepatana na mchungaji mmoja Mkongomani wa Athens: watu watakusanyika kwake, chakula kitapikwa, mdogo wangu ataambiwa mbele yao. Lakini uwanja wa ndege nilimkuta ananisubiri na gari limeoshwa, mikate na chupa ya chai kiti cha nyuma. Kabla ya korona alikuwa dereva wa watalii, na njia zao alizijua kwa moyo.

"Siku nne tu," alisema. "Kwanza uione nchi. Hao wa kanisani tutawakuta tukirudi."

Nilikuwa sijamwona tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, siku ndege ilipotuchukua sisi kwenda Australia na faili lake likabaki. Baadaye alijitafutia njia yake mwenyewe, kupitia Uturuki na baharini.

"Dada, umenenepa. Lockdown imekulisha."

"Na wewe nywele zimehama. Umeziacha Uturuki?"

Alicheka hadi akapitiliza njia ya kutokea. Msalani kwenye kituo cha mafuta nilimpigia baba mdogo kumweleza. "Akiwa ameshika usukani usimwambie," alisema. "Na usiku pia usimwambie, asubuhi yake ataendesha. Ngoja mrudi." Mimi kuendesha upande wa kulia siwezi. Kwa hiyo nilikaa kando yake na msiba wangu, nikiangalia barabara.

Epidauro, kwenye magofu ya kale, mvua ilikuwa inanyesha. Mlinzi alitukagua vyeti vya chanjo, akarudi kibandani kwake. Mdogo wangu alinieleza kama alivyowaeleza wageni, mikono nyuma. Zamani wagonjwa walilala hapa, mungu wao akawajia usingizini na dawa. Alinionyesha benchi refu la mawe chini ya paa.

"Wageni wakienda kupiga picha, mimi nilikuwa najilaza pale."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa namlalia mama, apone."

Niligeuka nikatazama misonobari.

Olimpia nguzo zililala chini vipandevipande, kama mkate uliokatwa ukaachwa mezani. Tulizunguka karibu peke yetu. Yeye alikuwa akinishika mkono penye utelezi, na mara mbili alinipiga picha. "Mtumie mama," alisema. Nikasema mtandao mbaya.

Delfi iko ubavuni mwa mlima, na siku hiyo ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Alisema watu walitoka mbali kuja kuuliza mambo yao pale, wafalme kwa maskini, wakajibiwa.

"Wewe ungeuliza nini, dada?"

"Choo kiko wapi."

Alicheka kidogo. "Mimi ningeuliza kwa nini mama siku hizi hakohoi."

"Dawa," nilijibu. "Wamembadilishia dawa."

Alitikisa kichwa. Kutoka pale hadi Meteora ni mwendo mrefu, na aliongea mara moja tu, kuniuliza kama nasikia baridi.

Meteora nyumba za watawa zimejengwa juu ya miamba mirefu, kama zimewekwa huko ili zisifikiwe. Siku hizi kuna ngazi. Getini mtawa alinionyesha suruali yangu; mwanamke haingii bila sketi. Kwenye mkoba nilikuwa na kitenge cha mama, kile cha kijani, nilichokuja nacho ili mdogo wangu akabidhiwe Athens baada ya kuambiwa. Sikuwa na nguo nyingine. Nikakifunga kiunoni.

Alikiangalia.

"Hicho cha mama."

"Ndiyo."

"Kakupa?"

"Nimekichukua."

Alipanda mbele yangu. Nilipofika kanisani nikihema ndani ya barakoa, alikuwa ameshawasha mshumaa wake. Kulikuwa na sinia mbili za mchanga, moja juu na moja chini. Njiani alikuwa amenieleza: juu wanawashiwa walio hai, chini waliokufa. Kwa kuwa wageni hawakuwepo, juu palikuwa patupu. Chini uliwaka mshumaa mmoja.

Alinipa mwingine. "Huu mwashie mama," alisema, akarudi nyuma akasimama.

Niliuwasha. Nta ilinidondokea vidoleni. Nilitazama sinia ya juu, nikatazama ya chini, na mbele ya picha zile zote za watakatifu mkono ulikataa kwenda juu. Nikauchomeka chini, kando ya ule wake.

Huenda wake ulikuwa wa baba, aliyefia kambini. Sikuuliza. Mdogo wangu alinifunga vifungo vya koti kama mtoto. "Twende," alisema, "barabara itaganda."

Athens mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Alikalishwa, akala, mchungaji akasema. Wanaume wawili walikaa tayari kumshika, lakini hakuanguka. Alishukuru kila mtu kwa mkono, akachukua kitenge, akauliza jambo moja: nani alimwosha mama. Nilimwambia ukweli, kwamba hatukuruhusiwa kumgusa na sijui.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimesharudi Bankstown. Kitanda cha mama tulikuwa tumeshakitoa. Simu ililia jioni, saa ileile.

"Mwekee sikioni, dada."

Niliipeleka chumbani kwake, nikaiweka sakafuni, pale mto ulipokuwa, nikatoka na kufunga mlango. Bado anapiga. Sijawahi kusikiliza anachosema.