Mwaka Mwezi Ulipojaa Jumapili

Mzee Pantaleo alikuwa katekista wa kigango kimoja ng'ambo ya mto, pale Kivukoni, kwa miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo yote hakuna Mkristo aliyehangaika kujua Pasaka ni lini. Kila Noeli alivuka mto kwenda parokiani Ifakara, akarudi na kalenda ya Kanisa ameikunja ndani ya shati isilowe. Kisha aliiweka kando, akapiga hesabu yake mwenyewe, aone kama mapadre hawakukosea.

Hesabu hiyo aliipigia kwenye benchi la duka la rafiki yake Sadallah, Mwislamu aliyehamia huko kutoka Kilwa.

"Niambie, mwezi umeandama lini?"

"Ninyi Wakristo mnatumia mwezi wetu bila hata kuununua!"

"Ukiuuza wewe utatupunja kipimo."

Wakicheka hivyo, binti yake Paskazia alikuwa akisikiliza, mpaka kanuni ikamwingia: Machi ishirini na moja ikifika, ngoja mwezi ujae, Jumapili ya kwanza hapo ndiyo Pasaka.

Majilio ya mwaka 1993 Mzee Pantaleo akafariki. Noeli ikapita katika kilio, hakuna aliyekwenda kuchukua kalenda. Februari mto ukafurika, mitumbwi ikafungwa, hata betri za redio zikaisha dukani. Waumini walikuwa wamemkabidhi Paskazia kengele ya kigango, kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha nne. Jumamosi ya Februari kumi na mbili mzee Hermenegildi akamsimamisha njiani.

"Binti wa katekista, Majivu lini? Watu wananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye baba yako."

Paskazia akaenda moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, baba Sadallah."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikukaribishi chai, tumeanza kufunga."

"Mwezi mmeuona lini?"

Swali lile Sadallah hakuwa ameulizwa tangu rafiki yake azikwe.

"Jana Ijumaa, magharibi. Nimeuona kwa macho yangu haya."

Paskazia akaandika kwenye karatasi ya sukari. Mwezi huo ungejaa Februari, mapema mno. Unaofuata ungeandama Machi kumi na tatu, ujae tarehe ishirini na saba. Ishirini na saba ni Jumapili. Basi Pasaka ndiyo siku hiyo! Akarudi nyuma siku arobaini na sita, yaani arobaini za kufunga na Jumapili sita, kuitafuta Jumatano ya Majivu inayoanza Kwaresima. Februari tisa. Ilikwisha kupita. Kigango kizima kilikuwa ndani ya Kwaresima bila kujua, mwaka wa kwanza tu bila baba yake.

Nyumbani alimkuta mama yake, Marsiana, akipepeta mchele. Akamweleza huku analia.

"Nimekiangusha kigango cha baba."

Marsiana hakujua kusoma, lakini aliposikia hivyo alishusha ungo.

"Umesema mwezi unajaa Jumapili yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi futa machozi. Nilipokuwa na mimba yako, mwezi wa Pasaka ulijaa Jumapili vivyo hivyo. Watu wakaja hapa uani na ngoma, wanataka kuimba Aleluya. Baba yako akasimama mlangoni, akawaambia: 'Nendeni mkachukue matawi, leo ni Jumapili ya Matawi! Mwezi ukijaa Jumapili, Pasaka husogea mpaka Jumapili inayofuata. Wayahudi walimla kondoo wao wa Pasaka kwanza, ndipo Bwana akafufuka.' Walinuna hao! Ilipofika Jumapili hiyo ya Pasaka, nikakuzaa wewe. Ulidhani jina la Paskazia tuliliokota wapi?"

Paskazia akaigeuza karatasi. Pasaka, Aprili tatu. Majivu, Februari kumi na sita: Jumatano inayokuja.

Kesho yake, mwisho wa ibada, akasimama mbele ya watu.

"Jumatano tunaanza Kwaresima. Tutafunga na kusali. Majivu yenyewe padre atayabariki akivuka."

"Una hakika?" Hermenegildi akauliza kutoka nyuma.

"Nina hakika, babu."

Mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mwenye kuku amchinje Jumanne."

Watu wakatoka wakicheka. Paskazia akabaki kwenye benchi la mbele, na kwa sauti ya chini akamsomea baba yake hesabu yote, tarehe kwa tarehe, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake.