Siku Niliyokataa Kukaa Golini

Ijumaa ile naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizoishi hapa Doha, na nimeishi nyingi. Leo unaniona nalinda geti la jengo la West Bay, magoti yanalia kila nikiinuka, huwezi kudhani kwamba uwanjani niliitwa kiraka. Niliitwa.

Nilianza kwa bahati tu. Nilikuwa mlinzi wa shule moja huko Muaither, na kila Ijumaa jioni walimu kutoka Ayalandi walikuja kucheza mpira wa kwao, ule unaobebwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Ukiupitisha juu ya mwamba wa goli unapata pointi moja, ukiutia wavuni unapata tatu. Siku moja wakapungukiwa mtu, wakaniita. Wakaniweka beki, nikaweza. Kiungo, nikaweza. Mbele nikafunga, golini nikadaka. Timu ilipotoboka, nilishonwa mimi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Langu mimi nililitia na mchanga.

Misimu ikapita, tukafika fainali. Vijana wa nyumbani niliokaa nao Al Mansoura walikuja kunitazama kwa mara ya kwanza, na wiki nzima nilikuwa nimewatambia kwamba wataniona nikifunga. Basi kipa wetu akapiga simu kuwa ana homa. Kocha, mwalimu mrefu tuliyemwita Ticha Dani, akanijia na jezi ya kipa mkononi. Hata hakuuliza, maana sikuwahi kukataa.

"Leo mimi ni wa mbele," nikamwambia. "Tafuta mwingine."

Mwingine hakuwapo. Alikuwapo Sudi, mwenzangu wa chumba, kijana wa Tanga, mpishi wa hoteli, aliyekuja kutubebea maji. Mazoezini alikuwa ameingia mara chache, kwa mzaha. Aliichukua ile jezi, ikamfika karibu na magoti, akacheka.

"Nenda kafunge, bwana mkubwa," akaniambia. "Watu wametoka mjini, wasije wakakukuta umesimama kama mlingoti."

Nilifunga. Sikufichi, nilifunga vizuri, na filimbi ilipolia vijana walinibeba mabegani. Nikiwa huko juu ndipo nilipomwona Sudi amekaa chini kando ya goli, ameupakata mkono wake wa kulia kama mtoto mchanga. Katika shambulio la mwisho aliruka kuzuia, mtu mzito akamwangukia, kifundo cha mkono kikavunjika. Mpira ule aliuzuia. Ndio uliotupa kombe.

Mfupa uliunga vibaya. Mpishi asiyeweza kushika kisu ni mpishi gani? Mudiri wake, meneja wa hoteli, alisema kaumia mchezoni, si kazini, akamkatia tiketi ya kurudi kwa mama yake aliyekuwa akila kwa mkono huohuo.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege kwa gari la Mzee Shaame, dereva wa Kizanzibari ambaye sote tulimwona kama baba. Tuliporudi Al Mansoura, akazima gari.

"Sifa yako ni kwamba unacheza kila mahali," akasema. "Kumbe mahali pamoja pamekushinda. Pale usipotazamwa."

Nikashuka, nikafunga mlango. Maneno yale ninayo mpaka leo.

Tangu hapo golini nilikwenda bila kuitwa, miaka yote hadi magoti yakagoma. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Medali yangu nilimpelekea Sudi kwa mtu aliyekuwa akienda Tanga. Ilirudi na mtu huyohuyo, na maneno haya: "Mwambie sina kinyongo. Ila asiniletee kitu cha kuning'iniza, aniletee kazi ya mkono mmoja."

Kazi hiyo sikuwa nayo. Namba yake ya simu ninayo. Kila Ijumaa baada ya swala naitazama, kisha naiweka simu mfukoni.

Basi, mwanangu, ukijaliwa kipaji cha kuweza mengi, kijue ni deni kwa wenzako, si pambo lako. Ukiitwa pale pasipo na makofi, nenda, kwa sababu usipokwenda wewe atakwenda asiyeweza, naye ndiye atakayevunjika. Na ukimkosea mtu, mwendee kwa mdomo wako mapema. Radhi haitumwi kwa msafiri.

Mola akulindie mikono yako yote miwili, na akupe moyo wa kuinyoosha hata pale ambapo jina lako halitaimbwa. Mimi nilikuwa nayo miwili mizima, na siku ile haikumfaa mtu.