Kichupa cha Iodobutani

Dada yangu ni mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema samahani. Mlango ukijibamiza kwa upepo, atauliza, "Nimefanya nini tena?" Sasa mtu kama huyo umpe kazi ya kutunza maabara ya shule, si kumtafutia presha?

Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Mwalimu wa kemia alimwambia waziwazi kwamba somo la haloalkani likienda vizuri atampendekeza aajiriwe moja kwa moja, na likiharibika, basi tena.

Kazi yenyewe ilikuwa vichupa vitatu vya hizo haloalkani: klorobutani, bromobutani na iodobutani. Kaboni ni zilezile, ila kila kimoja kina halojeni yake: klorini, bromini au iodini. Cha iodobutani kilikuwa na kidogo tu chini, na kingine hakikuwepo. Unadondosha matone kwenye tyubu ya kioo yenye spiriti, kwa kuwa vitu hivi na maji havipatani, unatia nitrati ya fedha, kisha unaisimamisha tyubu kwenye maji ya moto. Halojeni ikibanduka kwenye kaboni inakutana na fedha, na tyubu inachafuka: nyeupe kwa klorini, krimu kwa bromini, njano kwa iodini. Wanafunzi wangetakiwa kuona ipi inatangulia.

Dada akaona ajaribu kwanza mwenyewe. Alikuwa amesoma kwamba klorini ndiyo inayovuta elektroni kwa nguvu kuliko wenzake wawili, akajiwekea kichwani kuwa ndiyo itakayotangulia.

Ikatangulia njano, tena upesi, wakati tyubu ya klorini imetulia kama maji ya kunywa.

"Nikajua nimevuruga," aliniambia jioni ile jikoni, kisu mkononi, kitunguu hakijakatwa. Akadhani tyubu zilikuwa chafu. Akaziosha, akarudia. Njano. Akashuku maji ya bomba, maana yana chumvi zake, akasuuza kwa maji safi ya maabara. Njano. Akashuku lebo zimebadilishana, lakini rangi zilikataa: iodini ilikuwa njano kama inavyotakiwa, ila ilikuwa na haraka isiyotakiwa. Akarudia tena na tena, kila mara akijilaumu kwa jambo jipya, hadi alipoinamisha kichupa pasitoke kitu.

"Chote?" nikamuuliza.

"Chote, mdogo wangu. Wanafunzi wakaingia, mimi nimeshika kichupa kitupu."

Mwalimu alifundisha kwa vichupa viwili, uso umemkunjamana. Darasa lilipotoka akamwita.

"Iodobutani iko wapi?"

"Nimeimaliza, Mwalimu. Nisamehe. Kila nikijaribu ilikuwa inatangulia."

"Si ndivyo inavyotakiwa!"

Dada anasema hapo ndipo alipopotea kabisa. Mwalimu akamchorea ubaoni: klorini ni ndogo, imeshikana na kaboni kwa karibu na kwa nguvu, iodini ni kubwa, imekaa mbali, mshiko wake dhaifu, ndiyo maana inang'oka mapema. Kuvuta kwa klorini hakufui dafu mbele ya mshiko huo.

"Ulipata jibu hilohilo kila mara?" akauliza.

"Kila mara."

"Na hukuliamini hata mara moja?"

Mwalimu akafuta ubao polepole. Akamwambia mikono yake ni mizuri, hana shaka nayo, lakini hawezi kumpendekeza mtu anayemaliza dawa kwa kutojiamini. Amemwongezea muhula mmoja wa majaribio.

Mimi nikataka kumtania kidogo, kwamba afadhali hakufukuzwa. Nikamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kitunguu bado kizima.

"Sielewi nalia nini," akasema. "Nilikuwa sahihi, unasikia? Kichupa kizima nilikuwa sahihi."