Mkono Uliochelewa Kufika Sikioni

Zablon Ndahani ana mikono mifupi, na kila jambo kubwa maishani mwake limeanzia hapo.

Alipopelekwa shuleni Mpwapwa kwa mara ya kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Ndivyo umri wa mtoto ulivyopimwa siku hizo. Vidole vya Zablon viliishia utosini, akarudishwa kuchunga mbuzi. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na mwingine tena. Sikio alilifikia akiwa na miaka kumi, na mwalimu, aliyeona kitoto kifupi kinachojinyoosha kwa shida, akaandika daftarini: miaka saba, amezaliwa 1969. Kadi ya ubatizo aliyokuwa nayo mama yake ilisema 1966, lakini hakuna aliyeiulizia.

Kosa lilikuwa la mwalimu. Lakini kosa la mwenzako ukilifuga nusu karne, huwa mali yako. Zablon alilijua na akalifuga. Lilipita naye darasa la saba, likaingia kwenye kitambulisho chake, likatulia ndani ya jalada lake la kazi. Na majalada ndiyo kazi yenyewe: yeye ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali pale Mtumba, nje kidogo ya Dodoma, mtu ambaye akiona karatasi isiyo na namba hapati usingizi.

Mikono ile ile ndiyo iliyompa tenisi yake. Kwa kuwa hawezi kufika mbali, alijifunza kuwahi. Hapigi mpira kwa nguvu. Anaukata, unavuka wavu na kufia palepale, mwenzake akibaki kuukimbilia kama mtu aliyeachwa na basi.

Kila baada ya miezi miwili Bwana Vithaldas, muuza mabati na misumari, huandaa mashindano mjini Dodoma. Kiingilio ni elfu kumi na huja yeyote: walimu, madaktari, madereva. Mistari huchorwa kwa chokaa asubuhi, upepo huanza kuifuta kabla ya saa sita, na watu wazima wenye heshima zao hugombana kama kuku. Safari hii Vithaldas aliongeza kundi la wazee, miaka sitini na kuendelea, zawadi laki tatu kwa mshindi. Sharti ni kuleta cheti.

"Maana nawajua," alisema. "Mtu akisikia laki tatu anazeeka palepale."

Zablon alikuja kujiandikisha na vijana, ambao walishamtoa raundi ya kwanza mara nne mfululizo. Kwenye kiti karibu na wavu aliketi Abdulnasiri, mfanyabiashara mstaafu mwenye sauti ya kunadi mnada.

"Zablon, bado unacheza na watoto?"

"Nacheza na rika langu."

"Rika gani, na mvi zimekuota mpaka masikioni? Sema tu unaniogopa."

"Nikuogope wewe, na tumbo hilo?"

"Tumbo halishiki raketi, bwana. Lete cheti, tumalizane."

Watu wakacheka. Zablon angeweza kunyamaza, maana kunyamaza ndiko alikozoea. Lakini kiburi hakistaafu. Alipanda bodaboda, akaenda nyumbani, akafungua sanduku, akarudi na kadi ya ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni. Vithaldas aliisoma, akacheka kwa furaha.

"Sitini kamili. Karibu uzeeni, kaka."

Ndipo binti aliyekuwa mezani akiandika majina akainua uso. Alikuwa Salwa, mchezaji wa kundi la wanawake, na siku za kazi ni afisa utumishi katika ofisi ile ile ya Zablon. Yeye ndiye anayejua nani ametimiza sitini na anastaafu lini. Aliitazama kadi, akamtazama Zablon, akaandika jina polepole.

Zablon alicheza mechi mbili kama anayekanyaga miiba, akashinda zote. Fainali ikawa yeye na Abdulnasiri, Zablon akaongoza tano kwa nne. Mpira wa mwisho Zablon aliukata, ukadondoka pembeni.

"Nje," alisema Abdulnasiri.

"Nje ya mstari upi?"

"Uliokuwepo asubuhi."

Vithaldas alipiga magoti vumbini, akatafuta alama ya mpira, akatafuta chokaa, akapata punje tatu. "Ndani," akasema. "Abdulnasiri, njoo umpe mkono."

Baadaye Salwa alimfuata Zablon bombani alikokuwa akinawa.

"Shikamoo, mzee. Hongera."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi leo siko kazini," alisema, akiangalia maji. "Ya uwanjani nayaacha uwanjani."

Alisema kwa wema, na Zablon akamshukuru. Lakini laki tatu zilimwasha mfukoni njia nzima. Nyumbani aliziweka juu ya kabati, akamweleza mkewe, Yasinta, kila kitu.

"Miaka mitatu ya mshahara, Zablon," alisema Yasinta. "Na bati la nyuma bado."

"Najua."

"Kwa hiyo mimi nimeolewa na nani, wa sitini au wa hamsini na saba?"

"Ndiyo maana sizigusi hizo hela. Mtu hawezi kuwa na miaka sitini Jumamosi na hamsini na saba Jumatatu. Siku moja kati ya hizo mbili atakuwa mwizi."

Yasinta alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Basi usiwe mwizi wa Jumamosi," alisema. "Abdulnasiri atatusimanga mpaka kaburini."

Jumatatu Zablon alivuta jalada lake kwenye rafu. Aliandika barua ya kurasa mbili, akaambatisha nakala ya kadi, akazipa karatasi namba zake kwa mpangilio, kama alivyofanya kwa majalada ya watu wengine miaka yote. Kisha akalipeleka mwenyewe mezani kwa Salwa.

Salwa alisoma, akafunga. "Nilikwambia sikuona kitu, mzee."

"Wewe hukuona. Mimi je?"

Jioni ile alizishusha laki tatu kabatini, akampa Yasinta akanunue bati kwa Vithaldas, ambaye hakupunguza hata shilingi.

Wiki sita baadaye, katika barua za asubuhi, ilikuwamo moja yenye jina lake: wamelipokea kosa lake, anastaafu mwisho wa mwezi. Zablon aliisoma akiwa amesimama. Kisha, kwa kuwa barua zote zinazoingia masjala lazima zigongwe, aliuvuta karibu muhuri wa kupokelea, akarekebisha tarehe, akaugonga vizuri, pembeni kulia, pasipo kufunika maandishi.