Nani Kakomba Mboga

Nilipokuwa mtoto pale Pasiansi, nilikuwa na vipaji viwili: kula na kusema uongo. Cha kula bado ninacho, tumbo langu ni shahidi. Cha uongo ndicho ninachotaka kukieleza, ingawa kila nikieleza hasira hunipanda kama maziwa jikoni.

Jirani yetu alikuwa Bibi Kabula, mjane aliyekausha samaki kwa moshi. Macho yake yalikuwa mekundu, na mtaa mzima ulijua ni moshi, maana mtaa mzima ulikula samaki wake. Siku moja vijana walikata mti nyuma ya banda lake, akaanguka mtoto wa komba, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kikombe. Bibi akamwokota, akawa anamnywesha uji kwa ncha ya kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba. Kalibu, mjukuu, umwone mdogo wako. Naye hanawi mikono kama wewe."

Nilimpenda yule mnyama. Akishika kidole changu kwa vidole vyake vya kibinadamu, haachii. Miaka mingi baadaye kazi iliponipeleka Madagaska, niliwaona jamaa zake wenye mikia ya milia, na watalii wazima, suruali zao zina mifuko kumi, wamewapigia magoti wakiwapiga picha. Nikalia. Mwongoza watalii akadhani ni furaha.

Kwetu hakuna aliyempigia komba magoti. Wakubwa walitufundisha kwamba akilia kama kichanga, kuna kichanga anakiita, na anayemfuga si mtu wa heri.

Sasa, Jumamosi moja niliachwa peke yangu na sufuria ya mchuzi wa samaki, sato. Nikaonja. Nikaonja tena, kuhakikisha. Mwisho nikakomba hadi sufuria ikang'aa. Mama akarudi.

"Nani kakomba mboga?"

Mwongo mvivu huokota neno lililo karibu. "Komba, mama. Komba wa Bibi Kabula."

Mama aliutazama mchuzi kwenye shati langu, akanichapa viboko vitatu vya haki kabisa. Kesi ingeishia hapo. Lakini kuficha aibu ya viboko, niliwasimulia wenzangu bombani kwamba komba wa bibi anaingia nyumba za watu mchana. Nilisimulia vizuri. Nililisha hadithi ikanenepa.

Wiki hiyo hiyo kichanga cha jirani yetu Masanja kikafariki kwa homa. Baada ya mazishi, hadithi yangu ya bombani ilikuwa imeota meno. Saa nne asubuhi, jua linawaka, wanaume walijaa uwanjani kwa Bibi Kabula. Masanja alikuwa mbele, amevimba uso kwa kulia. Mmoja akamtoa komba bandani kwa mkia, akampiga ukutani mara moja. Ilitosha.

Nilitoka mbio nikilia, pumzi hazitoshi. Nilitaka kusema ni mimi niliyekomba mboga. Kilichotoka ni: "Mimi... komba... ni mimi!"

Watu wakanigeukia. Kisha sauti moja: "Mmesikia? Keshamgeuza na huyu!"

Nikamtazama mama, aliyesimama mlangoni. Yeye alijua. Yeye ndiye aliyefua lile shati. Akanivuta, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mwanangu ana homa."

Bibi Kabula hakuuawa. Nalisema hilo kwa sababu wengine wenye macho mekundu kama yake wameitwa wachawi, wakauawa. Alipewa muda wa kufunga nguo zake kwenye khanga, aende Magu kwa kaka yake. Alipotupita alisimama.

"Kama ana homa," alimwambia mama, "mpe uji mwepesi."

Mwaka jana, tukiwa sebuleni kwake, nilimuuliza mama nikijifanya natania: kwa nini hukusema?

"Ningesema nini, baba? Wangesema tuko pamoja naye."

"Ungesema nilikula mboga."

Alikunja khanga yake, akaikunjua. "Tulijua wote, mwanangu. Hata Masanja alijua."

Nimezunguka nchi za watu nikisimulia kwenye meza za chakula kwamba kwetu ujinga ulimfukuza bibi wa watu. Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma, nami nikaongezewa mvinyo. Si kweli. Ujinga una nafuu, unapelekwa shule. Sisi tulimfukuza kwa akili timamu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumpoteza yeye kuliko kumwambia Masanja usoni kwamba mwanawe amekufa kwa homa tu, kama watoto wengine, na hakuna mtu wa kulipizwa kisasi.

Mama nampenda. Nampigia simu kila Jumapili, namchekesha mpaka anakohoa. Sijamsamehe. Na wa kunisamehe mimi walishamzika huko Magu. Kutoka kwa mama ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na sijawahi kuuliza kaburi lake liko wapi.