Picha ya Nyoka wa Babu

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya asubuhi kabla ya kwenda shule ilikuwa kumpelekea nyoka maziwa. Aliishi kwenye migomba, karibu na kaburi la babu. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Magokoro, alisema ni babu amerudi kututazama, na si wa kuguswa. Niliamini. Nilikuwa hata nikimwamkia.

Shule yetu, upande wa Keroka, ilipata mwalimu kijana aliyependa kuwapiga picha nyoka na vinyonga hukohuko wanakoishi. Hakuwashika. Alilala kifudifudi kwenye majani makavu, kimya, mpaka wamzoee. Aliposikia habari za nyoka wetu, alikuja kuomba ruhusa.

"Mpige vizuri," Magokoro akamwambia. "Asifumbe macho."

"Nyoka hana kope, mama. Hawezi kufumba."

"Basi ni yeye! Hata usingizini alikuwa ananikodolea."

Tulicheka sana. Mwalimu alipomletea picha, Magokoro aliibandika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Ndipo mzee wa kanisa akaja na akina mama wa Sabato kutuombea. Akasimama mbele ya ile picha.

"Mama, nyumba ya Mkristo inatundika nyoka?"

Magokoro akaninyooshea kidole. "Ni huyu mtoto. Yeye ndiye humpelekea maziwa. Nimemkataza mpaka nimechoka."

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. Waliniwekea mikono kichwani, wakamkemea pepo aliye ndani yangu, na amina iliyozidi zote kwa sauti ilikuwa yake. Kisha akachukua jembe, akaelekea migombani, wote wakimfuata. Nyoka hakukimbia. Alikuwa ametuzoea.

"Babu!" nilipiga kelele.

"Babu yako alikufa," akasema, akipangusa jembe kwa jani la mgomba. "Hiki ni kidudu."

Sasa mimi ni mama, nami naelewa alichoogopa. Alikuwa mjane. Wale akina mama ndio waliomsaidia kuchuma majani chai mgongo ulipomsumbua, na bila kanisa angebaki peke yake na shamba lake. Kuhusu nyoka, sijui. Pengine alikuwa nyoka tu, na maziwa yalinywewa na paka wa jirani. Hilo halinisumbui tena.

Kinachoniuma ni kwamba wageni walipoondoka tulibaki wawili jikoni, hakuna mtu wa kumwogopa, na bado hakuniambia kwamba alisema uongo. Aliniagiza kuni. Nilileta. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo nilingoja aniambie, hata kwa nusu neno, hata kwa mzaha. Siku tuliyomzika, wale akina mama wakiimba vizuri kabisa, niliacha kungoja.