Mwaka Mto Daua Ulipoipeleka Mindimu ya Hooyo Ethiopia

Enzi zetu kule Mandera, mpaka wa Kenya na Ethiopia tuliuruka kwa miguu mitupu. Kiangazi Mto Daua ukikauka, tulichora mstari mchangani, mguu mmoja huku, mwingine kule, tukapiga kelele, "Niko nchi mbili!" Watoto wa leo hata kwenda kwa jirani lazima wapige picha kwanza. Sisi tulirudi na vumbi mpaka kwenye kope, tukapewa anjera, ile mikate myembamba ya kumimina, na chai ya maziwa ya ngamia, na Hooyo, mama yetu, akauliza, "Leo mmeshinda nchi gani?"

Hooyo alikuwa na shamba la mindimu kando ya mto, upande wetu. Kila mti aliupanda mwenyewe akaunywesha kwa debe. Sare zetu za shule zilitoka kwenye ndimu hizo.

Halafu ikaja mvua ya Elnino. Maji yalipoanza kupungua, lo! Mto ulikuwa umekata njia mpya nyuma ya shamba. Mindimu ilisimama salama, lakini ng'ambo. Na kwa kuwa mto ndio tuliouita mpaka, mama yetu akawa na shamba Ethiopia bila kusogea hatua. Kuvuka hatukuweza, maji yalikuwa mengi na mamba walikuwamo. Mkondo wa zamani ulibaki mchanga mtupu, kwa hiyo mzee Adan, jirani yetu wa upande ule, aliweza kufika shambani bila kulowesha kandambili.

Siku ya tatu tukamwona anakata miiba. Akalizungushia shamba zima ua. Hooyo akaketi chini, akashika kichwa. "Basi, limekwenda," akasema, akalia mbele yetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilimlaani yule mzee kwa maneno yote niliyoyajua, na niliyajua mengi.

Baada ya wiki mbili maji yakashuka hadi kiunoni. Mzee Adan akavuka, kikapu cha ndimu kichwani.

"Dada, mbona huji kuchuma?" akamuuliza Hooyo. "Mbuzi wangu walianza kutafuna miti yako, nikaizungushia ua. Zimeiva."

"Lakini si sasa ni Ethiopia?"

Mzee akacheka. "Mto umehama, sawa. Wewe shamba uliniuzia lini?"

Alhamdulillahi! Hooyo alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilikunywa maji ya ndimu mpaka tumbo likauma, nikiona haya hata kumtazama mzee.

Juzi, hapa Garissa, binti yangu alifungua ramani kwenye simu. "Mama, shamba la ayeeyo liko Ethiopia," akasema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake, kana kwamba simu imewahi kupanda ndimu. Siku hizi ndugu wa tumbo moja wanapelekana kortini kwa hatua mbili za kiwanja, kila mmoja na ramani yake. Mzee Adan alishafariki, Allah amrehemu. Lakini wanawe bado wanaurekebisha ule ua kila kiangazi, na Hooyo, kwa uzee wake wote, bado anavuka mto kwenda kuchuma ndimu zake.